Je, Wajua? "Malaika", MP3 na Senti za Skiza

Je, wajua kwamba Fadhili William, mwimbaji wa "Malaika", alifariki siku moja tu kabla ya hukumu iliyoitikisa biashara ya muziki duniani? Mwana huyu wa Taita, ambaye jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida, aliaga dunia tarehe 11 Februari 2001. Kesho yake, tarehe 12, Mahakama ya Rufaa ya Marekani huko San Francisco ilitoa uamuzi dhidi ya Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo bure kwenye intaneti. Hakuna aliyezipanga tarehe hizo zifuatane. Hata hivyo zinafaa kukaa pamoja, maana jambo lililomwandama Fadhili kwa miaka mingi ndilo lililokuwa mezani kwa majaji: wimbo ukishamtoka mwimbaji ukaenea kwa watu asiowajua, nani anadaiwa?

Mwaka huohuo Kenya nayo ikapata Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ingawa haikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Februari 2003. Iliyotangulia ilikuwa ya 1966, enzi ya santuri, wakati ambapo mwizi wa muziki alihitaji kiwanda.

Napster ilikuwa kazi ya kijana wa miaka 18, Shawn Fanning, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, aliyeizindua mwaka 1999. Wengi hawajui kwamba mashine za Napster hazikuhifadhi wimbo hata mmoja. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watumiaji wenyewe. Napster ilitunza orodha tu ya nani ana wimbo gani na kama yuko hewani wakati huo. Mawakili wake waliing'ang'ania tofauti hiyo. Majaji wakaona kwamba mwenye kutunza orodha anajua kinachoendelea, ana uwezo wa kukizuia na anafaidika nacho, basi hana pa kujificha. Julai 2001 huduma ikazimwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Lars Ulrich, mpiga ngoma wa bendi ya Metallica, alikuwa amefika kwenye ofisi za Napster na masanduku ya karatasi zenye majina 335,435 ya watumiaji, akitaka wote wafungiwe. Nyimbo zilikuwa zao, hilo halina ubishi. Ila mwanamuziki kubeba orodha ya mashabiki wake mwenyewe kwenda kuwashtaki ni jambo ambalo bendi ile ililipia kwa lawama miaka mingi.

Makampuni ya rekodi yakaenda mbali zaidi. Kuanzia Septemba 2003 yaliacha kuwafuata wenye programu pekee, yakaanza kuwashtaki watumiaji, wakiwa 261 kwa mkupuo wa kwanza, na miongoni mwao alikuwemo msichana wa miaka 12. Mama mmoja wa Minnesota aliyepatikana na hatia ya kugawa nyimbo 24 aliamriwa mwaka 2007 alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, na baraza la raia likapandisha deni hadi dola milioni 1.92, yaani dola 80,000 kwa kila wimbo. Baada ya miaka ya kupanda na kushuka, mahakama ya rufaa ikairudisha ile 222,000 ya mwanzo mwaka 2012. Wakati huo makampuni yenyewe yalikuwa yameshachoka: tangu mwishoni mwa 2008 yalikuwa yametangaza kwamba hayatawashtaki tena watu kwa makundi.

Nani alifaidika? Si rahisi kumtaja mwanamuziki.

Je, wajua kwamba jina la MP3 lina siku yake ya kuzaliwa? Tarehe 14 Julai 1995 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, walikubaliana kwamba faili zao ziishie kwa herufi hizo. Walikuwa wamehangaika kwa miaka kutafuta namna ya kuubana wimbo uwe mdogo bila sikio kugundua kilichopunguzwa, na wimbo waliotumia kujaribia ulikuwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, ambao ni sauti tupu ya mwanamke bila ala yoyote. Mbinu ilipoharibu kitu, sauti ile ilikisema mara moja. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wavumbuzi, aliusikiliza mara nyingi mno, na Vega akaja kuitwa mama wa MP3 bila kuombwa ruhusa.

Kilichopunguzwa ni kingi. Wimbo ulioshika nafasi ya megabaiti 40 kwenye CD unabaki kama 4. Kwa hesabu hiyo memori kadi ya gigabaiti 2, iliyo ndogo kuliko ukucha, inabeba nyimbo kama 500. Hapo ndipo hadithi inapopanda kutoka Boston na Ujerumani hadi Mwatate, pale barabara ya Voi kwenda Taveta inapoachana na njia ya kupanda Wundanyi.

Mtu yeyote aliyekuwa na simu ya mulika-mwizi iliyopanda daraja kidogo miaka ya 2008 hadi 2015 anajua namna muziki ulivyoingia mji kama huu. Kijana mmoja mwenye kompyuta kwenye kibanda cha simu alishusha nyimbo usiku, mtandao ukiwa mwepesi, na mchana akawajazia watu kadi zao: zilipendwa za baba, injili ya mama, bongo fleva ya watoto, rege ya dereva wa matatu. Malipo yalikuwa machache, na hayakuwa ya nyimbo. Ulilipia kazi ya kujaziwa. Aliyekosa hata hizo alingoja mwenzake amtumie kwa Bluetooth, simu mbili zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu juu ya meza ya hoteli kama ndizi kwenye chane. Hakuna Napster iliyohitajika. Orodha ya nani ana wimbo gani ilikuwa vichwani mwa watu, na mahakama haina namna ya kuizima hiyo.

Sheria ya 2001 ilikuwa imeweka faini ya hadi Sh400,000 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayetengeneza au kuuza nakala haramu. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ilikuwa na wakaguzi wake na stika za kubandika kwenye kanda na CD halali. Stika hubandikwa kwenye kitu. Faili halina mgongo wa kubandikwa chochote.

Na hapa nina jambo ambalo msomaji anaweza kulipinga akitaka. Watu husimulia vita vya muziki wa mtandaoni kana kwamba ni vita kati ya mwanamuziki na yule kijana wa kibandani. Marekani vilikuwa hivyo kwa muda. Kwetu, ukizipekua kesi zilizotikisa, humpati kijana yule. Unampata mwanamuziki upande mmoja na upande wa pili kampuni ya simu, wakala wa maudhui, au chama kilichosajiliwa kumkusanyia pesa zake. Aliyebeba nyimbo 500 kwa Bluetooth hakuwahi kuwa na kitu cha kudaiwa. Pesa zilikuwa kwingine, na mawakili wanajua kufuata pesa zilipo.

Chukua mwito wa simu. Unampigia rafiki yako Voi, na badala ya mlio unasikia kwaya. Ile ni Skiza ya Safaricom, na mwenye simu anakatwa pesa kidogo kwa muda fulani ili wewe usikie. Kidogo kile, kikizidishwa kwa mamilioni ya wateja, kikawa mojawapo ya mapato makubwa zaidi ya muziki Kenya nzima. Wanunuzi wa CD walipotoweka, Skiza ndiyo iliyobaki na daftari linaloonyesha nani kalipa nini.

Mgogoro ukawa nani alishike daftari hilo. Bunge lilikuwa limeingiza kifungu kipya katika Sheria ya Hakimiliki, cha 30A, ndani ya mswada wa marekebisho madogomadogo ya sheria mbalimbali. Kilitaka malipo ya waimbaji na waandaaji yapitie vyama vya kukusanya mirabaha. Safaricom ikaanza kujipanga kupeleka pesa kwa vyama vitatu: MCSK cha watunzi, KAMP cha waandaaji na PRISK cha waimbaji na wapigaji ala. Mawakala wa maudhui, ambao ndio waliokuwa wakipeleka nyimbo Skiza na kumgawia msanii, wakaona mkate umeondolewa kinywani. Wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, katika kesi ya Xpedia Management, na mahakama ikasema kifungu hakina kosa.

Je, wajua kwamba kifungu hichohicho kilianguka Malindi? Wasanii wawili, Mercy Munee Kingoo na Lydia Nyiva Kingoo, waliishtaki Safaricom pamoja na Mwanasheria Mkuu. Tarehe 3 Novemba 2016 Jaji Said Chitembwe aliamua kwamba 30A ilikwenda kinyume cha Katiba kwa sababu umma haukushirikishwa ilipotungwa. Mahakama Kuu moja, vyumba viwili, majibu mawili. Napenda kesi hii ya Malindi kuliko ile ya Napster, na si kwa sababu ya Pwani tu. Wasanii hawakusema wimbo wao umeibwa. Walikataa kuchaguliwa mtu wa kuwashikia pesa.

Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 2019 MCSK ilipogawa mirabaha, wanachama wengi walijikuta na Sh2,530 kila mmoja, aliyepigwa redioni kutwa kucha na asiyepigwa kabisa. Picha za ujumbe wa M-Pesa zikazunguka mitandaoni kwa siku kadhaa, nyingine zikiwa na maneno ambayo gazeti la heshima halichapishi. KECOBO yenyewe ilikuwa imeshainyima MCSK leseni mwaka 2017 na kuwapa wengine, kisha chama kikarudi, kisha mvutano ukaanza upya. Ukiwa na saluni au hoteli Mwatate na ukatakiwa kulipia muziki unaopiga, swali la kwanza la busara ni kama anayekudai ana leseni ya mwaka huu.

Mwaka 2022 Bunge likaamua kuandika asilimia ndani ya sheria yenyewe. Kwa kila Sh100 za mwito wa simu, msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya Sh52. Kampuni ya simu ichukue Sh39.50, na wakala wa maudhui Sh8.50. Sijui nchi nyingi ambazo wabunge wao wamekaa kugawana senti za mlio wa simu, na sioni aibu yoyote ndani yake. Ni afadhali mgao ulio wazi kuliko mkataba wa kurasa 14 unaosomwa na upande mmoja.

Kabla ya hapo, mwanamuziki J.B. Maina alikuwa ameonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kusimama mbele ya kampuni kubwa. Alilalamika kwamba nyimbo zake zilitumika kwenye huduma za Safaricom bila ruhusa yake. Kesi haikufika mwisho. Pande mbili zilielewana nje ya mahakama, na Maina akaondoka na Sh15.5 milioni. Kwa mwimbaji wa Kikuyu aliyezoea mauzo ya kanda, hizo ni kanda nyingi.

Tanzania walikuwa na yao, na yenye kishindo zaidi. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliamuru kampuni ya Tigo iwalipe wasanii AY na Mwana FA zaidi ya Sh2 bilioni za Tanzania kwa kutumia nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila idhini. Kampuni ikakata rufaa, na shauri likapanda ngazi za juu. Sasa sikia: Mwana FA, yaani Hamis Mwinjuma, alichaguliwa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mlalamikaji akahamia upande wa meza inayotunga kanuni.

Tukirudi kwenye mambo ya kupakua, kuna kampuni iliyozaliwa Nairobi kwa kumtazama vizuri yule kijana wa kibandani. Mdundo, iliyoanza mwaka 2013, iliona kwamba watu wa simu ndogo hawatalipia wimbo na hawana bando la kusikiliza mtandaoni kutwa. Ikawaruhusu wapakue bure, kihalali, ikaweka matangazo ndani, na mapato ikagawana na wasanii. Mwaka 2020 hisa zake zikaanza kuuzwa Copenhagen, Denmark. Yaani mtu wa Maktau akipakua wimbo wa bure, kuna mwekezaji Mdenmaki anayemhesabu. Spotify ilipofika Kenya Februari 2021 ilikuta watu wameshafundishwa kwamba muziki hauna bei lakini una tangazo.

Je, wajua kwamba flashi unayonunua ilipaswa kuwa na kodi ya muziki ndani yake? Sheria ya 2001 inampa mwenye rekodi haki ya fidia inayotozwa kwenye vifaa vya kurekodia na kanda tupu, ilipwe na mtengenezaji au mwagizaji bidhaa inapoingia nchini. Mantiki yake ni nyepesi: kwa kuwa huwezi kuingia kila nyumba kumkagua anayenakili nyimbo, toza kidogo bandarini kisha umwache mwananchi na redio yake. Nchi nyingi za Ulaya zimefanya hivyo tangu zama za kaseti. Kwetu kifungu kilikaa kitabuni miaka mingi huku makontena ya simu na kadi yakipita Voi kuelekea bara, na hakuna mwanamuziki aliyeonja. Ukiniuliza, ni kifungu hiki kilichotelekezwa, kuliko faini yoyote, kilichowanyima wasanii kizazi kizima cha memori kadi.

Marekebisho ya 2019 yalielekeza macho kwenye mtandao wenyewe. Mwenye kazi anaweza kumwandikia mtoa huduma ya intaneti ilani ya kutaka kazi iliyoibwa iondolewe, na mtoa huduma akiipuuza atawajibika kana kwamba kosa ni lake. Ila upanga una makali pande zote: anayetoa ilani ya uongo anaweza kupigwa faini ya hadi Sh500,000 au kifungo cha hadi miaka mitano. Kifungu hicho cha pili ni muhimu kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa kuangusha wimbo wa mwenzako kumekuwa silaha ya mashindano. Wimbo "Uno" wa Harmonize uliwahi kutoweka YouTube baada ya prodyuza wa Nairobi, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umetokana na "Dundaing", aliyoifanya na King Kaka na Kristoff. Ukarejea baadaye. Hapakuwa na jaji wala wakili wa kuvaa wigi. Kampuni ya California iliamua, mashabiki wa nchi mbili wakatukanana, na kila upande ukapata watazamaji zaidi.

Kuna pia wanaodhani leseni moja inamaliza yote. Mei 2022 muungano wa Azimio ulipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, video ya tukio ilisindikizwa na "Extravaganza" ya Sauti Sol, na bendi ikalalamika hadharani kwamba haikuombwa. Leseni ya kupiga muziki mbele ya watu hailipii kuuoanisha wimbo na picha. Hiyo ni haki nyingine, na mwenye wimbo anaweza kuikataa kwa sababu yoyote, hata ya kutotaka kuonekana ana chama. Mpiga video za harusi wa Mwatate anayebandika wimbo wa msanii juu ya bi harusi akishuka garini kisha akaiweka YouTube yuko kwenye shimo lilelile, isipokuwa hakuna aliyemwona bado.

Sasa "Malaika". Fadhili aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kundi lake la Jambo Boys, kisha akaurudia kwenye studio za Equator zilizosimamiwa na Charles Worrod. Ukapaa. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliuweka kwenye albamu yao ya pamoja, ambayo mwaka uliofuata ilishinda tuzo ya Grammy. Boney M wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Fadhili mwenyewe aliishi Marekani miaka kama 15 na kurudi Kenya katika miaka ya 1990, bila utajiri ambao wimbo kama ule ungemletea mwimbaji wa London.

Nani aliutunga hasa? Hapo ndipo pagumu. Wapo wanaosema ni Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi miaka ya 1940. Grant Charo wa Kenya naye alidai ni wake. Wengi wanamtaja Fadhili. Mtu wa kawaida hudhani mzozo huo ukiisha kila kitu kitakuwa kimeisha, lakini sheria huugawa wimbo vipande viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku fulani studioni. Kila kipande kina mwenyewe na muda wake. Kwamba Fadhili aliimba kwenye rekodi zake hakuna anayebisha, hata kama utunzi ungekuwa wa jirani.

Nchini Kenya utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo rekodi ya "Malaika", ikiwa ni ya 1963, ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2013, na tangu hapo mtu angeweza kuinakili Kenya bila kumlipa mwenye rekodi. Utunzi, ikiwa ni wa Fadhili, haujaachiwa: unalindwa mpaka mwisho wa 2051. Ikiwa ni wa mwingine, hesabu inaanzia kwenye kaburi jingine.

Vipi kuhusu ngoma isiyo na mtunzi anayejulikana? Wadawida, yaani Wataita, wana mwazindika, ngoma ya mapepo na tiba ambayo hakuna anayeweza kusema babu fulani aliitunga Jumanne. Hakimiliki ya kawaida haiishiki. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria mahsusi ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kiutamaduni, na humo kila serikali ya kaunti imepewa jukumu la kuweka rejista ya mali hiyo ya jamii, huku KECOBO ikitunza hazina ya kitaifa. Ulinzi wake hauna miaka 50 wala 100; unadumu maadamu jamii inaendelea kuitambua kuwa yake. Anayetaka kuinasa ngoma hiyo, kuichanganya na midundo ya kompyuta na kuiuza mtandaoni, anatakiwa kuanza kwa jamii yenyewe, na daftari la kuulizia ni la kaunti, ambayo makao yake makuu ni papa hapa Mwatate. Prodyuza akikuambia ngoma za asili ni za kila mtu, anakusimulia sheria ya zamani.

Wimbo wa Kidawida uliosikika mbali zaidi, lakini, si wa jadi. Ni "Charonyi ni Wasi" wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Kenya iliyoongozwa na Mtaita Habel Kifoto, uliovuma mwaka 1977 kwa watu ambao hawakujua hata neno moja la lugha hiyo. Umejaa kwenye simu za watu hadi leo, mara nyingi ukiwa na mkwaruzo wa santuri ambayo mtu fulani aliigeuza kuwa faili bila kumuuliza yeyote. Ikiwa rekodi hiyo ni ya 1977, ulinzi wake Kenya unakwisha tarehe 31 Desemba 2027. Kifoto alifariki mwaka 2011, hivyo utunzi, kwa kadiri ulivyo wake, ni wa warithi wake mpaka mwisho wa 2061. Kuanzia Januari 2028 mtu ataweza kuinakili sauti ile bila deni kwa mwenye rekodi, na bado akawa na deni la wimbo kwa familia ya Kifoto kwa miaka 34 zaidi.